Tuwaambie wazazi hesabu ya chanjo, tusiwaambie "haina madhara"

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Tangu chanjo ya malaria izinduliwe Apac, kaskazini mwa Uganda, tarehe 2 Aprili 2025, mabishano ya chanjo yamerudi kwa kishindo, redioni, sokoni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Upande mmoja unadai chanjo inaua watoto. Upande wa pili, ambao ndio wetu sisi wahudumu wa afya, unajibu kwamba chanjo haina madhara yoyote. Wa kwanza wamepotea mbali. Lakini wa pili nao hawasemi kweli, na neno lisilo kweli likitoka kwa muuguzi linaharibu kuliko uvumi wa jirani. Mama akishalikamata, hatarudi na mtoto wa pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kila chanjo ina madhara yake. Mengi ni maudhi ya siku moja au mbili: paja kuvimba, homa, mtoto kukesha akilia. Machache mno ni mazito, na hayo ndiyo yanayotakiwa kupimwa, kwa kuweka hesabu mbili kwenye mizani moja: uwezekano wa kudhurika na chanjo, na uwezekano wa kuugua na kudhurika na ugonjwa. Wanaobishana huweka moja tu.

Chukua surua, ambayo hesabu zake zinajulikana vizuri. Mtoto huchomwa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Katika watoto 100, kati ya 5 na 15 watapata homa, lakini si siku ya sindano. Homa inakuja kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa sababu virusi vilivyodhoofishwa vilivyomo kwenye chanjo huchukua muda kuzaana mwilini. Wengine kama 5 watatoka vipele vinavyokwisha kwa siku mbili tatu. Mtoto mmoja katika kiasi cha 3,000 homa hiyo itampandisha degedege. Degedege la homa linatisha kuliko karibu kila kitu ambacho mzazi atakiona nyumbani kwake, ila kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache na haliachi kasoro kwenye ubongo. Mmoja katika 30,000 hadi 40,000, chembe sahani za damu, zile zinazoisaidia damu kuganda, zitashuka kwa muda na utaona madoa ya zambarau chini ya ngozi. Mmoja katika milioni, au zaidi kidogo, atapata mzio mkali wa ghafla.

Upande wa pili wa mizani: mgonjwa mmoja wa surua, mahali ambapo watu hawana kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Asiyechanjwa basi asijiulize kama ataugua, ajiulize lini. Wachukue watoto milioni moja. Wakichanjwa wote, tutahesabu degedege kama 300, wenye madoa ya damu kama 30, na mzio mkali mmoja au wawili, ambao unatibika iwapo adrenalini ipo mezani. Wakiugua wote, nimonia itawapata kama 50,000, uvimbe wa ubongo 1,000, na watakufa kati ya 1,000 na 3,000 hata katika nchi zenye hospitali za uhakika. Penye utapiamlo na upungufu wa vitamini A vifo vinapanda mara nyingi zaidi ya hapo. Hata yale madoa ya damu ambayo chanjo inalaumiwa nayo, surua yenyewe huyaleta kwa mtoto mmoja katika 3,000, yaani mara kumi zaidi.

Kwa surua mizani imelala upande mmoja, haihitaji macho makali. Ziko chanjo ambazo mizani yake hubadilika kulingana na nchi na umri, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, wakidhani wataalamu wanajipinga wenyewe. Mfano mzuri kuliko yote ni chanjo ya rota, ile ya matone ya kuzuia kuharisha, ambayo Uganda tunaitoa tangu 2018 katika wiki ya 6 na ya 10.

Chanjo ya kwanza ya rota ilianza kutumika Marekani mwaka 1998. Mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni, baada ya kuonekana kwamba mtoto mmoja katika kiasi cha 10,000 alipatwa na tatizo la utumbo kujiingiza ndani yake, kama mkono wa shati unavyokunjwa ukaingia ndani. Tatizo hilo lisipotibiwa haraka utumbo hufa, na mtoto naye. Kwa Marekani uamuzi ule ulieleweka, kwa sababu rota ilikuwa ikiua huko watoto wachache tu, makumi kwa mwaka, watoto wakiwahi kuwekewa maji ya mshipa. Lakini katika nchi maskini wakati huo rota ilikuwa ikiua watoto mamia ya maelfu kila mwaka. Chanjo ileile, hatari ileile, ila mizani mbili tofauti. Nchi maskini zilisubiri miaka mingi kupata nyingine.

Chanjo tulizonazo sasa ni za kizazi kilichofuata. Katika nchi kama Australia na Mexico, tatizo hilo la utumbo limeonekana kwa mtoto mmoja hadi 6 katika 100,000, hasa katika siku 7 baada ya dozi ya kwanza. Barani Afrika, uchunguzi uliofanywa katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, haukuona ongezeko lolote. Huenda ni kwa sababu huku dozi ya kwanza hutolewa mapema, wiki ya 6, umri ambao utumbo kujiingiza ni nadra kwa asili yake.

Zamani palikuwa na sheria kali: mtoto aliyepita wiki 15 asianzishwe rota. Lengo lilikuwa kumwepusha na umri wenye hatari. Watafiti wakakaa chini wakapiga hesabu kwa nchi za kipato cha chini na cha kati: sheria hiyo ikilegezwa, vifo karibu 47,000 zaidi vya kuharisha vingezuiwa, na vifo karibu 300 zaidi vya utumbo vingetokea. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likalegeza. Tunaomba msomaji asiipite haraka namba hiyo ya 300. Wale ni watoto, na waliopitisha uamuzi walijua. Hayo ndiyo maana ya kupima, na hakuna haja ya kumficha mzazi. Mzazi huyohuyo hupanda bodaboda kila siku akimbeba mtoto mgongoni kwa sababu safari ina faida, kupima anajua.

Kwa vitendo, dalili za kumwambia mama ni hizi: mtoto analia kwa vipindi huku akikunja miguu tumboni, ananyamaza, halafu anaanza tena, anatapika, tumbo linajaa, choo kinatoka na damu na ute kama jamu nyekundu. Asikandwe tumbo, asipewe dawa ya minyoo. Aende moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa kuwa kituo cha daraja la II au la III hakitamsaidia zaidi ya kumwandikia rufaa.

Homa ya manjano nayo mizani yake inategemea umri. Kwenye kampeni iliyoanza 2023 wazee wengi waliuliza kwa nini walengwa ni wa mwaka 1 hadi 60, wakaona wamedharauliwa. Sababu ni kwamba chanjo hii ina virusi hai, na mara chache sana, pungufu ya mtu mmoja katika 100,000, huleta ugonjwa mzito wa ini na viungo vingine. Uwezekano huo unaongezeka kwa mwenye miaka 60 na kuendelea. Watoto chini ya miezi 6 hawapewi kabisa, kwa kuhofia uvimbe wa ubongo. Upande wa pili wa mizani Waganda wanaujua: mlipuko wa kaskazini wa 2010, na wa 2016 uliofika Masaka na Rukungiri. Anayeingia hatua kali, yaani macho kuwa ya njano na damu kutoka, ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kufa, na dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Ndiyo sababu kituo cha utafiti pale Entebbe kilijengwa mwaka 1936 kwa ajili ya ugonjwa huu kwanza, kabla hakijapata sifa kwa mengine.

Polio tuipitie kwa kifupi. Matone ya mdomoni humpoozesha mtoto mmoja katika dozi za kwanza kiasi cha milioni 2.7; virusi vya polio vya asili humpoozesha mmoja katika kila 200 wanaoambukizwa. Virusi vya asili vikiisha, ile hatari ndogo inaanza kuonekana kubwa, na ndiyo sababu virusi vya aina ya pili viliondolewa kwenye matone duniani kote Aprili 2016, sindano ya polio ikaongezwa. Pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi vya kwenye matone vinaweza kuzunguka muda mrefu vikarudia ukali wao. Vya namna hiyo vilikutwa kwenye maji machafu ya Kampala mwaka 2021, na kampeni ya nyumba kwa nyumba ya Januari 2022 ilitumia matone mapya yaliyotengenezwa yasigeuke kirahisi.

Kuhusu AstraZeneca, chanjo ya UVIKO-19 tuliyoanza nayo tarehe 10 Machi 2021, kuganda kwa damu kulikuwa kweli, si uvumi: Uingereza ilihesabu kama mtu mmoja katika 100,000, na wastani wa mmoja katika 50,000 kwa walio chini ya miaka 50. Wao Aprili ile waliwapa vijana chanjo nyingine kwa sababu walikuwa nayo. Sisi hatukuwa na nyingine, na Juni wimbi lilipotupiga watu walikuwa wakihangaika kutafuta oksijeni.

Sasa malaria, ambayo ndiyo imeleta mabishano. Katika majaribio makubwa ya chanjo ya kwanza ya malaria, inayoitwa RTS,S, watafiti waliona mambo matatu yaliyowatia wasiwasi: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, malaria ya kichwani pia, na vifo vya wasichana. Hawakuyafukia. Chanjo haikusambazwa kwanza. Ikajaribiwa katika huduma za kawaida Ghana, Malawi na magharibi mwa Kenya kuanzia 2019, hata Busia ya upande wa pili wa mpaka. Zaidi ya watoto milioni mbili walichanjwa huku mambo hayo matatu yakiangaliwa kwa makusudi. Hakuna hata moja lililojirudia, na vifo vya watoto vya sababu zote, ukiacha ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Chanjo tunayoitumia Uganda ni nyingine, R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, na hutolewa miezi 6, 7, 8 na 18. Homa baada yake ni ya kawaida. Na kwa kuwa swali hili linaulizwa sana: chanjo hii haifanyi kipimo cha haraka cha malaria kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, maana kipimo kinatafuta protini nyingine kabisa. Kipimo kikionyesha malaria, ni malaria.

Hapo pana kosa letu wenyewe ambalo halisemwi. Mama analeta mtoto mwenye homa siku tatu baada ya sindano, muuguzi anamwambia, "Ni chanjo tu, itapita." Katika nchi kama hii jibu hilo linaweza kuua. Homa ya sindano za wiki ya 6, 10 na 14, na ya chanjo ya malaria, huja ndani ya siku moja na kuisha ndani ya mbili. Ikizidi saa 48, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea au akipumua kwa shida, apimwe malaria saa hiyohiyo, asisubirishwe. Homa ya kawaida inatulizwa kwa paracetamol, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 7, kwa ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, atapewa mililita 3.5, isirudiwe kabla ya saa 6. Asipewe kabla homa haijaja.

Jambo jingine ni kalenda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unaonyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 36 hufa kabla ya kutimiza mwaka, 22 kati yao katika mwezi wa kwanza. Wanabaki 14. Chukua watoto milioni 1.5: hao ni vifo 21,000 katika siku kama 335. Mtoto ana siku nne kuu za chanjo katika kipindi hicho, hata tukiziacha za malaria. Tukichukulia vifo vimesambaa sawasawa, kama 250 kwa mwaka vingeangukia ndani ya saa 24 baada ya sindano hata kama sindano ingekuwa na maji matupu. Kwa kweli ni pungufu, kwani mtoto aliyezidiwa haletwi kliniki, lakini kila kimoja kitazungumzwa kijijini. Kujua kama chanjo ndiyo iliyoua, lazima kulinganisha na wasiochanjwa, na kuchunguza kifo chenyewe. Kumzika mtoto haraka bila uchunguzi kunaacha uvumi ukitawala.

Yako madhara mengine ambayo si ya chanjo bali ya mikono yetu, na kwa maoni yetu hayo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mei 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua: sindano moja ilitumika kwa siku nne, na chanjo haikuwekwa kwenye baridi. Mwaka uliofuata kule Samoa, watoto wachanga wawili walikufa kwa sababu unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli ya wagonjwa wa upasuaji badala ya maji yake. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, wazazi wakaogopa. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia: wagonjwa zaidi ya 5,700 katika nchi ya watu kama 200,000, na vifo 83, wengi wao watoto wadogo.

Chanjo za unga, yaani surua, BCG ya kifua kikuu na homa ya manjano, hazina dawa ya kuzuia vijidudu. Zikishachanganywa, hutupwa saa 6 zikipita au kliniki ikifungwa, lolote litakalotangulia. Kichupa kilichobaki na dozi sita kikilazwa hadi kesho kinaota bakteria, na mtoto atakayechomwa atatapika, ataharisha na kupanda homa kali ndani ya saa chache. Tunajua kishawishi: kichupa ni cha dozi kumi, wamekuja watoto watatu, na bohari inauliza habari za upotevu. Upotevu huo uandikwe tu. Mzazi ana haki ya kuuliza kichupa kimefunguliwa saa ngapi, na saa hiyo inapaswa kuwa imeandikwa juu yake. Ana haki pia ya kuona sindano ikitolewa kwenye pakiti yake. Na kwenye kichupa kuna alama ya mraba ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapigwa na joto, rangi zikilingana, isitumike.

Baada ya sindano mzazi asikimbilie bodaboda, akae dakika 15 hadi 30. Mzio mkali huja mara nyingi ndani ya muda huo: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kifua kulia, mapigo ya haraka na dhaifu. Dawa yake ni adrenalini ya 1:1,000 kwenye msuli wa paja, mililita 0.01 kwa kilo, yaani 0.08 kwa mtoto wa kilo 8 na isizidi 0.5 kwa mtu mzima, ikirudiwa baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Msichana wa darasani anayeanguka mara tu baada ya sindano ya saratani ya shingo ya kizazi, amepauka, jasho baridi, mapigo ya polepole, amezimia kwa hofu. Mlaze, inua miguu. Kituo kisicho na adrenalini ambayo muda wake haujapita kisifungue kichupa chochote siku hiyo.

Madhara mazito yaripotiwe kituoni, na kituo kiyafikishe wilayani na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA. Mzazi pia anaweza kuripoti huko mwenyewe. Bila namba ya bechi ripoti haifiki mbali, kwa hiyo mhudumu aiandike kwenye kadi ya mtoto, si kwenye daftari lake peke yake.

Na kwa wenzetu: maneno ya kumwambia mama hayazidi dakika moja. Mtoto akichomwa surua Jumanne, mwambie hivi: "Mama, kuanzia Jumanne ijayo hadi Jumapili yake anaweza kupata homa na vipele. Mpe dawa hii, kiasi hiki. Akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, umlete. Homa ikizidi siku mbili, mlete apimwe malaria."

Wauguzi na wafamasia wa kitengo cha chanjo,
Mbale